Ukurasa wa Shukrani

Nilitaka kuwa mwalimu mkuu. Naanza na hilo ili mtu asinionee huruma kwa sababu ambayo siyo. Sikutafuta shahada ya kutundika sebuleni, wala sikutaka kuitwa msomi kanisani. Nilitaka ofisi yenye pazia, na shule ambayo nikisema vyoo vioshwe kabla ya gwaride, vinaoshwa. Nilikuwa nimefundisha Kemia miaka kumi na saba, sita ya mwisho nikiwa naibu katika shule ya kutwa hapa Ruiru. Naibu ni mtu wa kufukuzana na wachelewaji langoni, kupima urefu wa sketi kwa macho na kugombana na mpishi juu ya maharagwe yasiyoiva. Lawama zote ni zako. Makofi ya siku ya wazazi ni ya mwenye ofisi.

Mwenye ofisi wetu alikuwa mwanamke, na nilimpenda. Hilo nalo nalisema mapema, kwa sababu bila hilo haya yote yangekuwa maneno ya kazini tu. Alinizidi miaka kumi na kitu. Yeye alikuwa mtu wa hapa hapa, mwenye shamba la kahawa na ng'ombe wawili. Mimi nilitoka magharibi, nikaletwa Ruiru na kazi ya mume wangu kwenye ghala la kiwanda. Wiki ya kwanza niliporipoti shuleni alinishika mkono hadi kwa mama mboga wake akamwambia, "Huyu ni wetu, usimuuzie nyanya za jana." Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho alikuja nyumbani na chupa ya uji wa wimbi, akakaa mpaka jioni, akaosha vyombo vyote vilivyokuwa kwenye karai. Mtu kama huyo humwekei tahadhari.

Yeye ndiye aliyenisukuma nirudi darasani. "Deputy, utazeekea kwa hiyo kiti," aliniambia siku moja tukisahihisha ratiba. "Wenzako wako na masters. Wewe unangoja nini? Malaika?"

Ilikuwa kweli. Katika miaka hiyo, kwenye kila chumba cha walimu kuanzia Ruiru hadi Thika, maneno yalikuwa ni yale yale: bila shahada ya uzamili, jina lako halifiki mezani siku ya mahojiano ya walimu wakuu. Watu walikuwa wakihangaika. Wengine walichukua diploma ya uongozi wa shule, ile ya kusomwa wakati wa likizo. Wengine walijiandikisha kusoma kwa mtandao, wakawa wanasikiliza mihadhara kwa sikio moja huku wakisonga ugali. Mimi nilichagua uzamili katika usimamizi wa elimu, Ijumaa alasiri na Jumamosi kutwa, kwenye tawi la chuo kikuu kimoja mjini Thika, ghorofa ya tatu juu ya duka la mabati. Wakipakia mabati kule chini, mhadhiri ananyamaza mpaka wamalize.

Tatizo lilikuwa hiyo Ijumaa alasiri. Darasa lilianza saa nane, na mimi ni mwajiriwa hadi saa kumi. Niliandika barua ya kuomba ruhusa, barua safi, nikaipeleka kwa Madam, kama sote tulivyomwita mwalimu mkuu. Aliisoma yote, akaikunja mara mbili, akanirudishia.

"Hii usinipatie."

"Kwa nini, Madam?"

"Ukinipatia, lazima niipeleke juu. Nikiipeleka juu watasema deputy hawezi toka saa za kazi. Halafu mimi na wewe tumekwama na jibu yao. Sasa kama hakuna barua, si hakuna jibu?"

Nilicheka, naye akacheka. Aliyewahi kufundisha shule yetu au shule yoyote ya jirani anajua mtindo huo. Jambo jema linafanywa kwa mdomo, jambo baya linaandikiwa barua. Ukiomba siku tatu za kwenda kuzika, unaambiwa, "Enda tu, mwalimu, pole sana." Ukichelewa dakika kumi, unaandikiwa, na nakala inaenda kwenye faili. Ukifungua faili la mwalimu yeyote utadhani hakuna mtu aliyewahi kumtendea wema.

"Na kitabu?" nikamuuliza.

Kitabu ni kile cha mahudhurio, kinachokaa mezani kwa karani. Kila mwalimu anaandika saa aliyoingia na saa aliyotoka, kisha anatia sahihi.

"Kitabu saini kabisa ukienda. Andika saa kumi. Usiniachie shimo hapo. Wakaguzi wakikuja wataniuliza hii shimo ni ya nani."

Basi kwa miaka miwili, kila Ijumaa wanafunzi wakiwa bado wanapanga foleni ya githeri ya mchana, mimi nilikuwa naandika kwamba imeshafika saa kumi kamili na nimetoka. Siwezi kusema kwamba nilidanganywa hapo. Mkono ulikuwa wangu na kalamu ilikuwa yangu. Lakini sikuhisi kwamba nafanya uongo. Nilihisi kwamba nafanya alivyosema Madam, na kwangu hayo yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa. Naye alitimiza upande wake. Gwaride la Ijumaa la kushusha bendera lilikuwa kazi ya naibu, na kwa miaka miwili alisimama pale yeye mwenyewe, kwenye jua na magoti yake mabovu, ili mimi niwahi Thika. Jumatatu ananiuliza, "Mlifunzwa nini?" Namweleza. Anatikisa kichwa na kusema, "Haiya, na hayo mimi nimeyafanya miaka ishirini bila kujua yana jina."

Somo la Ijumaa, Mungu anisamehe, lilikuwa Maadili katika Uongozi. Tulikuwa kumi na wanne darasani, karibu wote manaibu na wakuu wa idara. Siku mhadhiri alipouliza ni wangapi kati yetu waliokuwa na ruhusa rasmi, tulitazama mezani kama watoto wa kidato cha kwanza. Kisha mmoja akaanza kucheka, na sote tukacheka hadi mhadhiri akakata tamaa akafungua ukurasa mwingine.

Ukafika wakati wa tasnifu. Nilichagua mada ambayo sasa nikiitamka naona haya: nafasi ya mwalimu mkuu katika kusimamia mahudhurio ya walimu. Niliomba vitabu vya mahudhurio vya shule tano, yetu ikiwemo. Nikakaa navyo wiki nzima, nahesabu sahihi. Ya kwangu mwenyewe niliihesabu pia. Kwenye jedwali shule yetu ilitokea vizuri sana siku za Ijumaa, na katika sura ya tano nikaandika aya nzima ya kumsifu mwalimu mkuu wake kwa ufuatiliaji wa karibu. Sikuona kichekesho kilichokuwa hapo. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kumaliza.

Msimamizi wangu alikuwa mzee mpole asiyekubali kusoma kitu chochote kwenye kompyuta. Lazima umpigie chapa, naye anakuandikia pembeni kwa penseli: kwa nini? Wapi? Nani amesema? Nilipompelekea ukurasa wa shukrani, wa mwisho kabisa kuandikwa, ulikuwa na mistari minne tu: Mungu, mume, watoto, mwajiri. Akaandika pembeni: wamefanya nini? Akaniambia shukrani isiyotaja jambo ni salamu tu, na kwamba mtu aliyekusaidia anastahili kuambiwa ulichokiona.

Nilikwenda nyumbani nikakaa na ule ukurasa kwa raha ambayo sikuwahi kuipata katika sura zote tano. Nikamshukuru mume wangu kwa kujifunza kupika mrenda. Nikamshukuru mlinzi wa maktaba kwa kuniwekea kiti karibu na dirisha. Kisha nikaandika: namshukuru kwa namna ya pekee mwalimu mkuu wangu, aliyeniruhusu kila Ijumaa alasiri kwa miaka miwili kuhudhuria masomo, na akasimamia gwaride badala yangu. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu na machozi yakanilengalenga. Ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote katika tasnifu ile.

Nilifungisha nakala tano, jalada la rangi ya damu ya mzee, maandishi ya dhahabu. Nne zilikuwa za chuo na msimamizi na mimi mwenyewe. Ya tano ilikuwa ya Madam.

Shuleni waliniandalia chai ya kunipongeza. Nasema chai, lakini kulikuwa na mukimo, chapati, kuku na keki yenye kofia ya mahafali juu yake. Walimu walinivalisha shada la karatasi za kumetameta hadi shingo ikawasha. Madam alikuwa amemwalika afisa wa elimu wa eneo letu, kwa makusudi mazuri: mahojiano ya walimu wakuu yalikuwa yanakaribia, na alitaka afisa anione nikiwa na shada shingoni. Nilimkabidhi nakala yake mbele ya watu wote. Akaipokea kwa mikono miwili, akalibusu jalada, akavaa miwani.

"Mwanzoni huwa kuna mahali wanashukuru watu," akasema. "Wacha nisome, muone kama tumo."

Watu wakapiga makofi. Akasoma kwa sauti ya gwarideni. Alipofika kwa mrenda chumba kizima kilicheka. Alipofika kwake alivuta pumzi kwa fahari, akaanza, na hapo kwenye "kila Ijumaa alasiri" nikasikia sauti inapungua, kama redio inayoishiwa na betri. Lakini hakuweza kuacha katikati. Alisoma hadi mwisho, hadi gwaride. Walimu wakapiga makofi tena, maana wao hawakusikia kitu kipya. Afisa hakupiga makofi. Alikuwa ameshika mguu wa kuku.

"Kila Ijumaa?" akauliza, akitabasamu.

"Aah, unajua hawa wasomi," Madam akasema. "Wanapenda kutia chumvi."

Mimi, mpumbavu wa kutupwa, nikadhani anafanya unyenyekevu. "Sikutia chumvi, Madam," nikasema. "Ni kila Ijumaa."

Jumatatu asubuhi kitabu cha mahudhurio hakikuwa mezani kwa karani. Kilikuwa kimehamia ofisini kwa Madam. Aliniita saa nne, akafunga mlango, akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake.

"Deputy, umenimaliza."

Nikamuuliza nimefanya nini.

"Huyo afisa amenipigia jana mara mbili. Anauliza ruhusa iko wapi. Mimi nimebakisha mwaka moja niende nyumbani. Mwaka moja! Unataka niende na barua kwa faili?"

"Madam, nilikuwa nakushukuru."

"Najua, mama. Najua." Akajifuta uso kwa leso. "Lakini hiyo karatasi ikikaa pale, ni mimi nimesema. Bila hiyo karatasi, ni maneno tu ya sherehe. Watu wanaongea mingi wakikula. Itoe. Nakuomba kama dadangu. Ukiitoa, hii kitu itaisha yenyewe, na barua yangu ya kukurekomendi naandika hii wiki."

Nilimwonea huruma. Natamani kusema kwamba nilifikiria pande zote, nikapima, kama nilivyofundishwa katika somo la Uamuzi. Sikupima chochote. Nilikuwa nimemliza mtu aliyenioshea vyombo nikiwa mzazi, na nilitaka anyamaze. Nilichukua nakala yake pale pale mezani nikaitia kwenye mkoba.

Jumamosi nilikwenda Thika. Nakala za chuo zilikuwa bado kwenye kabati la karani wa idara, hazijapelekwa maktaba. Nikamwambia kuna ukurasa wenye makosa, akanipa zote mbili bila hata kuinua macho. Msimamizi naye alinirudishia yake. Alikuwa ameshaisoma, akasema hakuona makosa yoyote. Nikashuka Kahawa Wendani nikiwa na nakala zote tano. Kule, kati ya hosteli za wanafunzi, kuna vibanda vingi vya kupiga chapa na kufunga tasnifu. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mpya, na ule wa zamani sikuuacha hata kwenye kompyuta. Nilihifadhi huu juu ya ule. Ulikuwa na kila mtu, Mungu, mume na mrenda wake, watoto, msimamizi, mlinzi wa maktaba. Ila yeye.

Mama mwenye kibanda aliyafungua majalada kwa kisu, akatoa kurasa moja moja, akazipanga mezani. Alisoma wa zamani, akasoma mpya.

"Sasa huyu alikukosea nini mpaka umtoe?"

"Hajanikosea. Ameomba mwenyewe kutoka."

"Wee! Mtu aombe kutolewa kwa shukrani?" Akanitazama kama mtu anayetafuta homa. "Hizi za zamani nikupatie ama nitupe?"

Nilizichukua zote tano nikazichana mbele yake, kisha nikazitia kwenye pipa lake. Nilikuwa mtu wa kazi kamili. Niliporudi nyumbani mume wangu, ambaye kazi yake ya ghalani imemfundisha kutoamini gari lolote lisilo na karatasi, aliuliza swali moja tu: umebakisha moja? Nikamjibu kwa hasira kwamba siyo kila mtu ni dereva wa lori.

Nilimpelekea Madam nakala yake mpya Jumatatu. Alifungua ukurasa wa shukrani, akausoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akanikumbatia. Nakumbuka harufu ya mafuta yake ya nywele.

Wiki ile hakuandika barua ya kunipendekeza. Wiki iliyofuata nayo haikuandikwa. Nikajiambia ana mengi. Mahojiano yalipotangazwa nilijaza fomu, nikapiga nakala za vyeti, nikashona suti ya kijivu. Badala ya mwaliko ikaja barua ya kunitaka nijieleze ndani ya siku kumi na nne kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuandika saa za uongo katika kumbukumbu rasmi za shule. Ilikuwa imeambatanishwa na picha za kurasa za kitabu. Kila Ijumaa ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Chini kulikuwa na barua nyingine, ya mwalimu mkuu, iliyosema kwamba amegundua kwa masikitiko makubwa tabia hii ya naibu wake.

Nilisoma neno "masikitiko" nikiwa nimesimama kwenye ubaraza wa maabara. Nilikwenda ofisini kwake. Karani akaniambia Madam yuko mkutanoni. Kesho yake alikuwa mkutanoni, na kesho kutwa. Shule ni ndogo, tulikuwa tunapishana kwenye korido, naye ananiambia, "Habari ya asubuhi, Deputy," kisha anapita. Kwenye chumba cha walimu watu waligundua ghafla kwamba wana madaftari mengi ya kusahihisha. Wote walijua. Wote walikuwa wameniona nikitoka saa saba miaka miwili, na wengi wao walikuwa na ruhusa zao za mdomo walizokuwa wanazilinda. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo.

Kikao cha nidhamu kilikuwa Thika. Walikuwa watatu mezani: mwenyekiti, mama mmoja mwenye mafaili, na afisa yule yule wa chai. Madam alikaa upande wa pili na mkoba magotini. Alikuwa amevaa vizuri.

Mwenyekiti alinionyesha kitabu.

"Hizi sahihi ni zako?"

"Ni zangu."

"Saa hizo ulikuwa shuleni?"

"Hapana. Nilikuwa darasani hapa Thika. Mwalimu mkuu aliniruhusu."

Akamgeukia Madam. Yeye hakunitazama. "Sijawahi," akasema. "Huyu nimemchukua kama mdogo wangu, bwana mwenyekiti. Ningejua, ningemwambia aandike barua, tungemsaidia vizuri." Kisha akafungua mkoba, akatoa kitabu cha rangi ya damu ya mzee. "Hii ndiyo tasnifu yake, alinipatia na mkono yake. Muangalie hapa mwanzo. Kama nimemruhusu miaka miwili, si angenishukuru? Ameshukuru mpaka mlinzi wa maktaba."

Nakala ile ikapita mezani, mkono kwa mkono. Walisoma wote watatu. Mama wa mafaili alitabasamu kidogo, nadhani alikuwa amefika kwa mrenda.

Nilihisi nimevuliwa nguo. Maneno yalinitoka mengi na bila mpangilio: kwamba huo siyo ukurasa wa kwanza, kwamba wa kwanza ulikuwa na jina la cheo chake, kwamba aliusoma mwenyewe mbele ya walimu wote na mbele ya afisa huyu hapa. Nikamgeukia. "Bwana, ulikuwepo. Ulimwuliza kama ni kila Ijumaa."

Afisa aliweka kalamu chini. "Mwalimu, mimi siku hiyo nilikuja kunywa chai," akasema. "Sikumbuki kilichosomwa."

"Huo ukurasa wa kwanza uko wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Niliuchana."

"Nakala zote?"

"Zote tano."

"Kwa nini uchane ushahidi wako mwenyewe?"

"Aliniomba."

Mwenyekiti alimtazama Madam, akanitazama mimi. Hakuwa mtu mbaya, nafikiri alitaka kunisaidia. "Alikuomba kwa barua?"

Nilitikisa kichwa. Mimi, mwenye shahada ya pili katika usimamizi, niliyefundishwa miaka miwili kuhusu kumbukumbu na mawasiliano rasmi, nilikuwa nimeshika maisha yangu ya kazi yote nikayatia kwenye pipa la kibanda cha Wendani, kwa sababu mtu ninayempenda alilia.

Hukumu ilikuja baada ya mwezi mmoja. Onyo kali kwenye faili, kuvuliwa unaibu, uhamisho, na nisiombe cheo chochote cha uongozi hadi nitakapoarifiwa vinginevyo. Nafundisha Kemia sasa upande wa Kalimoni, shule nzuri, watoto wa wakulima, maabara yenye mabomba mawili yanayotoa maji. Mwalimu mkuu wa hapa ni kijana niliyemzidi miaka saba. Hana uzamili. Ananiita "mwalimu mwandamizi" kwa heshima ya kweli, na kila akiniita hivyo natamani kumrushia chaki. Suti ya kijivu nilimpa dada yangu.

Watu huniuliza kama namchukia Madam. Namkasirikia, na hasira yangu haijapoa; nikikoroga uji wa wimbi huwa naikuta humo. Sikasiriki kwamba aliogopa. Angeogopa akanyamaza, ningemwelewa. Lakini alinifundisha kudanganya kitabu, akanifundisha kufuta ushahidi, kisha akabeba mafunzo yote mawili akayatumia juu yangu, huku akiniita mdogo wake. Na kama angeniambia tangu mwanzo, "Mmoja wetu lazima aanguke," huenda ningekubali kuanguka mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuhitaji kuniuza. Angeniomba tu.

Siku ya kukabidhi vitu nilikwenda ofisini kwake na fomu. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka nyumbani, maneno makali, nimeyapanga kwa mfuatano, na nilijiapiza kuyasema yote hata kama karani atasikia. Alikuwa amewekewa chai mezani, vikombe viwili. Alipokea funguo za maabara, akahesabu vitabu vya kiada, akatia sahihi kila mahali palipotakiwa. Kisha akavua miwani.

"Deputy," akaniita, kana kwamba bado ni kweli. "Walikuwa wanataka kukufuta kabisa, ujue. Mimi ndiye niliongea na wao nyuma ya pazia. Nikawaambia wasikufute, uko na watoto."

Nilimwamini. Bado naamini kwamba alifanya hivyo, na kwamba alilala vizuri baada ya kufanya hivyo. Nikafungua kinywa nianze maneno yangu.

"Asante, Madam," nikasema.

"Karibu," akajibu. Akanimiminia chai, nami nikakaa nikainywa.